Giza la Njia ya Suam

Niliwaona kabla Gathii hajawaona. Walikuwa sita au saba, wakipanda kilima kwa mstari na tochi mbili katikati ya mabua ya mahindi ya mwaka uliopita, na aliyetangulia alikuwa na panga mkononi. Mume wangu alikuwa ameinamia darubini, akizungusha skrubu na kunung'unika peke yake kwa raha. Wakatufikia hatua kumi, bado hajageuza kichwa. Walikuwa wanakuja kwa upande wake wa kulia, na kwa pembeni Gathii alikuwa haoni kitu tena.

"Nyinyi," akasema yule wa panga. "Mnapima shamba ya nani?"

Nirudi nyuma kidogo, maana nikianzia hapo mtadhani sisi ni watu wa kuzurura kwenye mashamba ya wenyewe jioni jioni.

Tunaishi kwenye senta ndogo, nusu saa kutoka Kitale ukielekea Naitiri. Jina langu ni Mary Ann, lakini anayeniita hivyo ni karani wa kaunti peke yake. Wengine wote wananiita Mama Kibe. Nina agroveti: mbegu, mbolea, dawa ya kupe. Ni mwenyekiti wa wafanyabiashara wa soko letu pia, na sikuchaguliwa kwa sababu ya upole. Nikitaka jambo lifanyike, linafanyika, na asiyetaka ananikwepa barabarani.

Gathii alikuwa dereva wa lori. Miaka ishirini na sita alibeba mahindi kutoka Kitale hadi Lodwar. Lori lilikuwa likimharibikia huko mbele, mahali ambapo hata mbuzi hapati kivuli, na akingoja spea alilala juu ya magunia akiangalia juu. Akirudi nyumbani, hajaulizwa hali ya barabara wala ya watu, anaanza na nyota. Dereva mwenzake wa Mombasa alikuwa amemfundisha majina. Aliyoipenda kuliko zote ni Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo zilizosongamana kama vifaranga chini ya mama yao. "Mama Kibe, huko ziko karibu mpaka unataka kuzipulizia vumbi," ananiambia, nami niko kitandani nawaza mbolea itafika lini. Nilikuwa naitikia "mm" na kulala. Miaka ishirini na sita ya "mm". Sasa hivi ningetoa chochote nirudishiwe hata usiku mmoja kati ya zile.

Halafu akaanza kugonga vitu. Mlango, ndoo, kona ya kabati. Nikamgombeza kwamba mtu mzima haangalii anakokwenda. Siku alipoingiza lori kwenye nguzo ya lango la ghala, mchana kweupe, alishuka akakaa chini, akaniita kwa simu. Hakuliendesha tena.

Daktari wa macho huko Bungoma alichora duara kwenye karatasi, kisha duara dogo ndani yake, kisha dogo zaidi. Akasema ni presha ya macho na imekawia. Dawa itachelewesha tu, hairudishi kilichokwenda. "Kwa sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba," akasema, "na hilo bomba linaendelea kuwa jembamba." Nilimuuliza litafunga lini. Akasema hajui, pengine mwaka, pengine miezi.

Tukaanza kurudi nyumbani. Mimi ndiye niliyeendesha ile pikap yetu, na Gathii kwenye kiti cha kushoto alikuwa anakanyaga breki ambayo haipo kila nikikaribia tuta. Tulipopita Lugulu ndipo akasema:

"Nataka nione Kilimia mara moja. Kabla bomba halijafunga."

"Nyota ni nyota," nikamwambia. "Si leo jioni utoke nje uangalie? Kwani hapa kwetu hakuna mbingu?"

Nilisema hivyo kama mtu aliyemaliza kazi.

Jioni ile akatoka. Nikamfuata na kikombe chake cha chai, nikamkuta amesimama katikati ya uwanja wetu, uso juu, na uso wenyewe ulikuwa mweupe kama umepakwa unga. Mulika mwizi ilikuwa imewaka. Ndiyo, ule mlingoti mrefu wa taa katikati ya soko, ambao niliupigania mimi mwenyewe miaka mitatu. Niliandika barua mpaka mwakilishi wa wadi akawa akiniona anapitia mlango wa nyuma. Siku ilipowashwa walinichinjia mbuzi. Na taa yenyewe ni nzuri, sikatai. Wizi wa maduka ulipungua, na Vivian anauza mayai yake ya kuchemsha pale chini hadi saa tatu bila hofu. Lakini usiku ule nilitazama juu pamoja na mume wangu kwa mara ya kwanza, nikaona weupe mtupu kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Mchana umerudi," akasema, akachukua chai yake.

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata nafuu, maana kugombana najua.

Kibe, mtoto wetu wa kwanza, yuko Nairobi. Aliposikia, akamtafutia baba yake darubini ya mkono wa pili, akaituma kwa basi. Ilifika nzima ila miguu yake ya plastiki ilikuwa imevunjika. Gathii hakujali. Alikwenda Kitale kwa wauza vyuma kuukuu, akarudi na miguu mitatu ya mbao, minene, ya rangi ya njano, yenye ncha za chuma za kuchomeka ardhini. Fundi akachomelea kibati juu, darubini ikakaa imara. Sote wawili tuliisifu ile miguu. Hakuna aliyejiuliza ilikuwa ya kazi gani kabla ya kuuzwa kwa kilo.

Siku ya kwanza aliilenga mwezi, pale pale uwanjani, akaweka jicho, akaanza kucheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Bungoma.

"Mama Kibe, hii kitu inaona kama mimi! Kaduara tu, pembeni giza. Tumepatana."

Basi nikaamua. Kama ni giza linatakiwa, mimi nitalitafuta, kama nilivyotafuta ile taa. Ilikuwa Machi, na kwa maelezo yake Kilimia wakati huo kinakaa upande wa magharibi jua likizama, na kila jioni kinashuka kidogo kuelekea Mlima Elgon. Mwisho wa Aprili kitaingia kwenye mwanga wa jua, kipotee, kirudi Juni alfajiri upande wa pili.

"Si tungoje Juni?" nikamuuliza.

"Juni ni mbali," akasema.

Nikaanza kufunga duka saa kumi na mbili na nusu kamili. Wateja walinung'unika. Jioni ya kwanza tulikwenda nyuma ya kanisa, nikidhani ukuta utatukinga na taa. Tukakaa kwenye nyasi, na kabla hajafungua mfuko wa darubini mlinzi wa kanisa akatumulika na tochi akitaka kujua ni kina nani wanaofanya mambo yao kwenye uwanja wa Bwana. Alipotutambua alitamani ardhi immeze. "Ai, Mama Kibe! Na mko na wajukuu!" Gathii alicheka njia nzima. Jioni nyingine tulijaribu barabara ya shamba la mbegu karibu na Kitale, tukafukuzwa na mbwa watatu. Kwenye bwawa upande wa Naitiri giza lilikuwa zuri sana, lakini ukungu ulipanda kutoka majini ukalowesha kioo. Na kwenye mwinuko mmoja wa juu, nilikokuwa na matumaini makubwa, kulikuwa na mtu anayefuga kuku elfu mbili na taa zake hazizimwi.

Nilijifunza giza kama nilivyojifunza mbegu. Nilijua kwamba mji wa Kitale unaonekana kwenye mawingu hata ukiwa nyuma ya kilima. Nilijua kwamba giza halisi ni lile ambalo ukinyoosha mkono huoni vidole, na ukilikuta, ngoja robo saa bila kuwasha simu, macho yatazoea. Nikaanza kuona nyota mwenyewe. Sikumwambia, lakini nilianza kuzipenda. Ila kila tulipopata mahali, wingu la mlima lilikuwa limekwisha kufika upande ule ule wa Kilimia. Mvua za kupanda zilikuwa zinakaribia. Asubuhi moja Gathii alimimina chai pembeni ya kikombe, ikamwagikia mezani, naye akaendelea kumimina. Nikafuta meza. Hatukuwa na neno la jambo hilo nyumbani kwetu. Tulisema "macho yanasumbua".

Mteja mmoja wa dawa ya kupe ndiye aliyeniambia kuhusu njia ya Suam. "Kwetu stima haijafika bado," akasema kwa kulalamika. "Jua likizama ni kama uko ndani ya gunia." Nikamuuliza barabara ikoje, akanielekeza kilima. Alifikiri nataka kumsaidia kutafuta stima.

Tukaenda Jumamosi ya mwisho ya Machi. Tulipita Endebess na jua likiwa bado liko, tukapanda njia ya ng'ombe hadi kwenye sehemu tambarare ya mawe, juu ya shamba lililovunwa. Mlima ulikuwa mbele yetu mzima, bila wingu hata moja. Gathii alichomeka miguu ya njano ardhini, akaikanyaga ikazama vizuri. Giza likaingia. Nilinyoosha mkono, sikuona vidole. Nilijisikia kama niliyeshinda kura.

Hapo ndipo tulipoulizwa tunapima shamba ya nani.

"Hatupimi kitu," nikasema. "Tumekuja kuangalia nyota."

Wakaangaliana. Mmoja akacheka vibaya. Tochi zao mbili zilikuwa zimetulia kwenye ile miguu mitatu. Ndipo na mimi nikaiona kwa macho yao. Mimi niliyezaliwa Trans-Nzoia, niliyeona watu wakigawiwa ardhi na wengine wakiondolewa, niliyeona majirani wakiacha kusalimiana kwa sababu ya jiwe la mpaka! Ukitaka kumtia hofu mtu wa huku huhitaji bunduki. Simamisha hiyo miguu ya njano shambani kwake jioni bila kumsalimia. Tulikuwa tumebeba miguu ya sovea, mpima ardhi, tukaichomeka kwenye shamba la watu.

"Mwaka juzi walikuja hivi hivi," akasema yule wa panga. Jina lake Kipngetich, nilikuja kulijua baadaye. "Jioni, na gari ndogo. Wakasema ni watu ya barabara. Wiki mbili tu, mawe ya mpaka imeota ndani ya shamba ya mama. Sasa nyinyi mmekuja na nyota."

"Kijana, kuja uangalie mwenyewe," Gathii akasema kwa upole, akielekeza uso mahali ambapo Kipngetich hakuwepo.

"Niangalie nini? Si ni hiyo bomba inapiga mahesabu?" Akaokota jiwe. Sikumbuki aliliokota vipi na panga lilikuwa mkononi, lakini nalikumbuka jiwe, lilikuwa kubwa kama kichwa cha kabichi, na alilinyanyua juu ya darubini. Mwingine alikuwa ameshatoa ufunguo kwenye pikap. Nikaona darubini ya Kibe ikipondwa. Nikaona Aprili ikipita, na Juni.

"Huyu ni kipofu!" nikapiga kelele. "Kipofu! Kipofu anapima shamba gani?"

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa kati yetu. Nililisema kwa sauti ile ninayotumia sokoni, ile inayofika hadi kwa wauza nyanya.

Kipngetich akashusha jiwe. Akamtazama Gathii, halafu taratibu akasogea pembeni, akanyoosha panga lake mpaka likawa shibri moja kutoka sikio la mume wangu. Akalitikisa. Akasogeza na upande wa pili. Gathii alisimama tu, akitazama mbele kwa heshima, akingoja kujibiwa. Kila mtu pale aliona kwamba haoni. Na mimi nilikuwa nimewaita watazame.

"Pole, mzee," Kipngetich akasema. Akaficha panga nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeshikwa na sukari.

Gathii alielewa basi kilichokuwa kimefanyika. "Mama Kibe," akaniita. Akatembea kuelekea pikap akipapasa hewa, akagonga kioo cha pembeni kwa nyonga, akaingia kiti cha kushoto na kufunga mlango.

Wale watu hawakuondoka, ila aliyetoa ufunguo aliurudisha. Aibu ilikuwa imetushika sote. Mama mmoja wa makamo yangu, aliyejifunga leso juu ya sweta, akanikaribia. Alikuwa Chepkemei, mama yake Kipngetich na mwenye shamba.

"Sasa kama haoni," akaniuliza, "nyota alikuwa anaangalia na nini?"

Nikakunja kidole gumba na cha shahada nikatengeneza duara dogo, nikaliweka kwenye jicho langu. "Anaona hivi. Hapa katikati tu. Na hapa napo panafunga. Kuna nyota anataka kuziona kabla ya hapo, ndiyo tukaja. Ilitupasa tupite kwako kwanza, mama. Tumekosa."

Chepkemei naye akatengeneza duara lake. Akachungulia nalo mlima, halafu juu, akakaa hivyo kitambo. "Ni nyota gani?"

"Zile nyingi ndogo za pamoja."

Akataja jina la nyota hizo kwa lugha yao, jina ambalo sijawahi kulitamka vizuri. Akasema mama yake hakugusa jembe kabla ya kuziangalia zimekaa wapi. "Siku hizi tunangoja simu ituambie kama mvua iko," akasema. "Nizione pia mimi."

Kipngetich, ambaye alitaka sana kufanya jambo lolote la maana, akaweka jicho kwenye darubini. "Ni giza tu." Nikajaribu mimi, giza tu. Wiki zote hizo nilikuwa natafuta mahali, kulenga ilikuwa kazi ya Gathii. Na nyuma ya bega la mlima wingu la kwanza lilikuwa limeanza kuchungulia.

Nikaenda kwenye pikap. Sijui kuomba msamaha. Huwa nampikia mtu, au namnunulia kitu, yakaisha. Pale sikuwa na sufuria.

"Baba Kibe, nimekukosea," nikasema dirishani.

Akapandisha kioo nusu.

"Niliogopa wataivunja."

"Neno hilo lilikuwa langu," akasema bila kunigeukia. "Ningelisema mimi, siku yangu. Umelitoa haraka, kama unauza kitu."

"Najua." Na nilikuwa nalia, mimi, mbele ya watu ambao hata majina yao sikuyajua. "Najua, Baba Kibe. Siwezi kulirudisha."

Nikasikia wale watu wakinong'ona, na jiwe likiviringika mahali. Halafu akauliza, "Wingu limefika wapi?"

"Limeanza kuchungulia. Upande wa kushoto."

Akafungua mlango. Sikumshika mkono, nilitembea mbele yake nikiburuza viatu ili afuate sauti. Akafika kwenye miguu ya njano, akaipapasa, akasimama kama alivyokuwa akisimama kando ya lori lake, mkono mmoja juu ya boneti.

"Nani alikuwa na panga?"

"Ni mimi, mzee," Kipngetich akajibu.

"Uko na macho mazuri?"

"Iko sawa."

"Basi wewe ndio taniboi wangu, msaidizi wa dereva. Zima tochi. Angalia juu kabisa, kuna nyota tatu zimepanga laini?"

"Naziona."

"Hapo ni Kitale. Ndio tunatoka. Sasa shika barabara ya kushuka, upande wa mlima. Usikimbie. Utakuta moja kubwa, nyekundu nyekundu."

"Nimeikuta!"

"Hiyo ni Kapenguria. Usisimame kununua kitu. Endelea na laini hiyo hiyo, teremka, teremka, mpaka uone kitu kama moshi kidogo."

Kipngetich alikuwa amefungua kinywa. "Iko! Mzee, iko!"

"Hiyo ndiyo Lodwar," Gathii akasema. "Elekeza bomba hapo."

Walihangaika pamoja, kijana akisukuma, mume wangu akishika mkono wa kijana na kuurudisha kidogo, polepole, kushoto, hapo, wacha. Kipngetich aliangalia kwanza. Akatoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Akajitoa haraka, akamshika Gathii mabega na kumweka mahali pake, kwa uangalifu sana, kana kwamba anapanga mayai.

Gathii aliinama. Wingu lilikuwa linatambaa. Chepkemei, aliyekuwa akingoja zamu, alisimama na duara lake la vidole kifuani. Nilihesabu pumzi za mume wangu. Nilitaka kumuuliza anaona nini, nikajizuia, na kwangu hiyo ni kazi kubwa.

Alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa. "Kuja, mama," akamwambia Chepkemei. "Harakisha, mlima unazichukua." Na kwangu akasema, "Zote ziko, Mama Kibe. Hakuna iliyotoka."

Tulirudi kule mara nne zaidi mwezi wa Aprili. Siku hizo tulipita kwanza nyumbani kwa Chepkemei, tukanywa chai, ndipo tukapanda, na ile miguu ya njano akaibeba Kipngetich mwenyewe begani ili majirani waone. Jioni mbili ilikuwa mvua. Jioni ya mwisho Kilimia kilikuwa chini kabisa, kimeng'ang'ania mlima, na Gathii alikaa na jicho kwenye darubini hata baada ya mimi kuona kwamba kimezama.

Mei, wiki ya kwanza, radi ilipiga mlingoti wa mulika mwizi. Taa zote zililipuka kwa mpigo, senta ikabaki giza kama zamani. Ilikuwa katikati ya Mei hiyo ambapo nilikuwa nyuma ya duka, kati ya magunia ya chakula cha ng'ombe, nikamsikia Gathii mlangoni akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Vivian, nivushe barabara. Mimi ni kipofu siku hizi." Na Vivian akajibu, "Kuja, mzee, shika mkono wangu." Nilikaa juu ya gunia. Aliyechukua ile siku yake ya kulisema ni mimi, naye bado alikuwa ameisubiri, akalisema vizuri kuliko mimi. Nililia mpaka mteja akagonga kaunta.

Mwishoni mwa Juni aliniamsha saa kumi na moja alfajiri. "Twende nje. Zimerudi?"

Tulitoka uwanjani, yeye amejifunga blanketi langu. Upande wa mashariki, juu ya paa la kanisa, anga lilikuwa safi. Sikuhitaji darubini. "Zimerudi," nikamwambia.

"Ziko ngapi?"

"Sita."

"Usizikazie macho. Angalia kando yake kidogo, kama hutaki. Ya saba inaonekana kwa pembe ya jicho."

Nikaangalia kando, kwenye msalaba wa kanisa, na kwa pembe ya jicho langu ikatokea, ndogo, ikitetemeka. Nilipoigeukia ikapotea.

"Saba," nikasema.

"Ndiyo. Saba." Akavuta blanketi. Tulisimama hapo mpaka majogoo walipoanza.

Tunafanya hivyo asubuhi nyingi sasa, msimu ukifika. Kukiwa na mawingu namwambia ni mawingu, tunarudi kulala, tulikubaliana hivyo. Watu wa soko wananikabili kila siku kuhusu ile taa. Juzi ilikuwa Vivian, na beseni lake la mayai kichwani na tochi iliyofifia mkononi.

"Mama Kibe, na taa itarudi lini? Si wewe ndio unajuaga kuandika barua?"

"Kesho," nikamwambia. "Kesho nitaandika."

Nikampa betri ya tochi kutoka dukani, bure, nikafunga mlango.